Figo Haichuji Sukari Ili Iitupe

Katika mabango ya tiba, katika vipindi vya afya vya redio na hata katika vitabu vya shule hurudiwa kauli kwamba figo ni chujio la mwili, na kwamba kazi yake ni kutoa taka. Kauli hiyo si ya uongo, ila inaacha nje sehemu kubwa zaidi ya kazi yenyewe, na upungufu huo umezaa imani kadhaa ambazo wahudumu wa afya hukutana nazo kila siku: kwamba figo nzima huitoa sukari inapozidi mwilini, kwamba sukari ikionekana kwenye mkojo basi figo imeharibika, kwamba mkojo usio na sukari ni uthibitisho wa kutokuwa na kisukari, na kwamba kuna unga au majani ya kunywa ili figo "zisafishwe". Hoja ya makala haya ni kwamba imani zote hizo zinatokana na kuitazama figo kutoka upande usio wake. Linapokuja suala la glukosi, yaani sukari iliyomo kwenye damu, figo ya binadamu, na ya mamalia kwa jumla, ni kiungo cha kurudisha kabla ya kuwa kiungo cha kutoa, na asiyeanzia hapo hawezi kuelewa vizuri mkojo wa mgonjwa wa kisukari wala dawa mpya anazoandikiwa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoshangaza. Figo mbili za mtu mzima hazifikii hata asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini hupokea takribani moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo kwa kila dakika. Katika damu hiyo huchujwa kiasi cha mililita 125 za majimaji kila dakika, sawa na lita 180 kwa siku, ilhali plazma (sehemu ya majimaji ya damu) yote iliyomo mwilini haizidi sana lita tatu. Maana yake ni kwamba plazma ileile hupita kwenye chujio mara 60 hivi kati ya alfajiri ya leo na alfajiri ya kesho. Glukosi ni molekuli ndogo, haizuiwi na chujio, hivyo hupita pamoja na maji na chumvi. Ikiwa damu ina miligramu 90 za glukosi katika kila desilita, kama ilivyo kwa mtu mwenye afya kabla ya kula, basi gramu 160 na ushei humwagwa kila siku ndani ya mirija ya figo. Hizo ni kama vijiko 40 vya chai vya sukari, zenye nishati ya kilokalori zaidi ya 600. Ukiupima mkojo wa mtu huyohuyo kwa vipimo vya kawaida vya maabara, hutaona glukosi hata kidogo.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini mwili uhangaike hivyo, utoe kila kitu kisha ukirudishe karibu chote. Anayechambua mchele kwenye ungo huokota mawe na kuuacha mchele pale ulipo. Figo hufanya kinyume chake, yaani humwaga gunia zima chini, kisha huokota punje za mchele moja baada ya nyingine na kuyaacha mawe yaende na maji. Njia hiyo inaonekana ya kipuuzi mpaka ufikirie faida yake. Mwili hauwezi kuwa na orodha ya kila sumu na kila taka itakayowahi kuingia ndani yake, ikiwemo ile iliyotengenezwa kiwandani mwaka jana, lakini unaweza kuwa na orodha fupi ya vitu unavyovihitaji. Kitu kinachotambuliwa hurudishwa, na kisichotambuliwa huondoka chenyewe. Glukosi iko juu kabisa katika orodha ya vinavyotambuliwa.

Kazi ya kuitambua hufanyika katika sehemu ya kwanza ya mrija wa nefroni (kizio kidogo cha figo chenye chujio na mrija wake), ile iliyojikunja karibu na chujio lenyewe. Kila figo ina nefroni zipatazo milioni moja, na idadi hiyo hutofautiana sana baina ya mtu na mtu. Seli zinazouzunguka mrija huo zina vinyweleo vingi mno vya utando upande unaotazama mkojo, vinavyopanua eneo la kufyonzea, na ndani yake zimejaa mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, ishara ya kwamba kazi inayofanyika hapo ni ya kutumia nguvu. Lakini nguvu hiyo haitumiki moja kwa moja kuivuta glukosi. Inatumika kuisukuma sodiamu nje ya seli, upande wa damu, kwa pampu inayobadilishana sodiamu tatu kwa potasiamu mbili. Kwa kuwa sodiamu imepunguzwa ndani ya seli, ile iliyomo katika majimaji ya mrija huwa na msukumo mkubwa wa kuingia, na mlango mmojawapo unaoiruhusu kuingia ni protini inayoitwa SGLT2, ambayo haiipokei sodiamu peke yake bali sharti ije pamoja na glukosi. Ndivyo glukosi inavyoingia ndani ya seli kwa gharama iliyolipwa na chumvi. Ikishajaa ndani, huteremka yenyewe kwenda kwenye damu kupitia protini nyingine, GLUT2, ambayo haihitaji nishati yoyote.

SGLT2 hukaa mwanzoni mwa mrija, mahali ambapo glukosi bado ni nyingi, na hubeba asilimia 90 au zaidi ya mzigo wote. Kinachobaki hukutana mbele kidogo na ndugu yake, SGLT1, ambayo hudai sodiamu mbili kwa kila glukosi moja. Gharama hiyo ya ziada ina sababu: sodiamu mbili huleta msukumo mkubwa zaidi, kwa hiyo SGLT1 inaweza kuivuta glukosi hata inapokuwa imebaki chembechembe tu. Mpangilio wenyewe ni wa kiuchumi kuliko mipango mingi ya wanadamu. Mzigo mkubwa hubebwa kwa bei nafuu, na bei ghali hulipwa pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

Wazo la kwamba sodiamu ndiyo inayoivuta glukosi lilitolewa na Robert Crane katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika Prague mwaka 1960, naye alikuwa akizungumzia utumbo na siyo figo. SGLT1 hupatikana kwa wingi katika utumbo mwembamba, na ndiyo sababu maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto mwenye kuhara humrudishia maji mwilini wakati maji matupu hayamsaidii kiasi hicho: sukari humwezesha mtoto kufyonza chumvi, na maji hufuata. Mama anayekoroga pakiti ya ORS katika zahanati ya kijijini anatumia protini ileile inayookota glukosi ya mwisho ndani ya figo zake.

Jambo lingine lisilotajwa mara nyingi ni kwamba seli za sehemu hii ya mrija karibu hazigusi kabisa glukosi zinayoirudisha. Nishati yao huipata zaidi kwa kuchoma asidi za mafuta na vitu vingine kama laktati. Zaidi ya hapo, zina vimeng'enya vya kutengeneza glukosi mpya, kazi ambayo tumezoea kuihusisha na ini peke yake, na mchango wao huongezeka mtu anapofunga kula kwa muda mrefu. Kwa hiyo figo inayorudisha glukosi yote iliyochujwa huongeza na nyingine juu yake. Sidhani kama kuna ushahidi bora kuliko huu kwamba kiungo hiki kilijengwa kwa ajili ya mnyama anayeishi akihofia njaa na siyo shibe.

Hata hivyo kila uwezo una kikomo, na kikomo cha figo kilipimwa kwa umakini mwaka 1938, wakati James Shannon na Saul Fisher wa Chuo Kikuu cha New York walipowadunga mbwa glukosi hadi damu yao ikazidi kile ambacho mirija ingeweza kurudisha. Waligundua kwamba kuna kiwango ambacho hakivukwi hata damu iongezewe sukari kiasi gani. Kwa binadamu kiwango hicho ni takribani miligramu 375 kwa dakika kwa mwanaume, na pungufu kidogo kwa mwanamke. Mtu akichukua kalamu atapata haraka kwamba, kwa mililita 125 zinazochujwa kila dakika, kikomo hicho kingefikiwa damu inapokuwa na miligramu 300 za glukosi kwa desilita. Lakini ukimchunguza mtu halisi, glukosi huanza kuonekana kwenye mkojo damu ikiwa na miligramu 180 hivi, yaani milimoli 10 kwa lita. Namba ya hesabu na namba ya mwili zinapishana kwa zaidi ya miligramu 100.

Tofauti hiyo hufundisha mengi. Figo ni jumuiya ya nefroni milioni moja zisizolingana, nyingine zikiwa na chujio kubwa na mrija mfupi, nyingine kinyume chake, wala hakuna sababu ya kutarajia kwamba zote zitashindwa kwa wakati mmoja. Zile dhaifu huelemewa mapema, na glukosi yake huanza kupita wakati wenzake bado wana nafasi tele. Protini zenyewe nazo hazifikii kasi yake ya mwisho ghafla. Huikaribia polepole kadiri glukosi inavyoongezeka. Kwa hiyo kile kiitwacho kizingiti cha figo hakina ncha kali kama tunavyokichora ubaoni. Ni mteremko, na watu wawili wenye afya wanaweza kuanza kuteremka mahali tofauti kabisa.

Tofauti huwa kubwa zaidi tukivuka kutoka aina moja ya mnyama kwenda nyingine. Kizingiti cha mbwa kinakaribia chetu, kati ya miligramu 180 na 220. Paka anaweza kufika 270 au zaidi kabla mkojo wake haujaonyesha chochote, na ni bahati yake, kwa sababu sukari ya paka hupanda sana kwa hofu ya kushikwa na kudungwa sindano. Ng'ombe, ambaye damu yake ina glukosi kidogo kwa kuwa nishati yake kubwa hutokana na asidi zinazozalishwa na vijidudu tumboni, huanza kuipoteza kwenye mkojo inapokaribia miligramu 100 tu, kiwango ambacho kwa binadamu ni cha kawaida kabisa. Daktari wa mifugo anayeamini kizingiti kimoja kwa wanyama wote atakosea kila siku ya kazi.

Mtu aliyeonyesha waziwazi kwamba sukari kwenye mkojo ina maana mbili tofauti ni Mjerumani Joseph von Mering, naye alifanya hivyo kwa majaribio mawili yaliyopishana miaka mitatu. Mwaka 1886 alieleza kile kilichotokea alipowapa mbwa florizini, dutu chungu iliyokuwa imetolewa kwenye gome la mizizi ya mtofaa mwaka 1835 na ambayo, kwa uchungu wake unaofanana na wa kwinini, ilidhaniwa kwamba ingetibu homa. Mbwa hao walikojoa sukari nyingi, lakini damu yao haikuwa na sukari iliyozidi. Mwaka 1889, akiwa Strasbourg pamoja na Oskar Minkowski, alishiriki katika kumwondoa mbwa kongosho, na mbwa huyo naye alikojoa sukari, safari hii damu ikiwa imefurika sukari. Mkojo wa wanyama wote wawili ulikuwa na utamu uleule. Mmoja alikuwa na figo iliyozuiwa kurudisha, mwingine alikuwa na figo nzima iliyoletewa mzigo usiobebeka.

Jaribio la pili ndilo lililopata umaarufu, na ni haki, kwa kuwa lilifungua njia ya kuelekea kwenye insulini. La kwanza lilibaki kama kitu cha ajabu cha maabara kwa takribani miaka mia moja. Naona kwamba ucheleweshaji huo ulitokana kwa sehemu na mtazamo wetu wa sukari ya mkojo kama dalili ya maradhi, kiasi kwamba wazo la kuisababisha kwa makusudi kama tiba lilionekana kichekesho. Ilhali ushahidi wa kwamba kupoteza glukosi kwenye mkojo si balaa ulikuwepo katika watu wenyewe. Kuna familia zinazorithi kasoro katika jeni ya SGLT2. Baadhi ya watu wa familia hizo hupoteza hata gramu 100 za glukosi kwa siku tangu utotoni, na walio wengi huishi bila tatizo kubwa, damu yao ikiwa na sukari ya kawaida na figo zao zikifanya kazi vizuri. Walio na kasoro katika jeni ya SGLT1, kwa upande mwingine, huharisha vibaya tangu siku za kwanza za maisha kwa sababu utumbo wao hauwezi kufyonza glukosi, ingawa mkojo wao huonyesha sukari kidogo tu. Maumbile yalikuwa yameshatuonyesha ni protini gani inaweza kuzuiwa kwa usalama na ipi isiguswe.

Sasa tuitazame figo ya mgonjwa wa kisukari, mahali ambapo uaminifu wa kiungo hiki hugeuka kuwa madhara. Damu inapojaa glukosi kwa miezi na miaka, mtu angetegemea figo ilegeze mkono wake na kuiacha ziada ipite. Kinachotokea ni kinyume. Mirija hukua, protini za kubebea huongezeka, na kikomo cha kurudisha hupanda, kwa wagonjwa wa aina ya pili kwa takribani asilimia 20. Mwili ulio na sukari iliyozidi huzidi kuing'ang'ania. Hilo linaeleweka tukikumbuka kwamba katika historia ndefu ya mamalia, sukari nyingi ndani ya mrija ilikuwa bahati ya kupita, ya kuokotwa haraka kabla haijapotea, na haikuwahi kuwa hali ya kudumu kwa miaka 20. Ile inayoishinda figo hata baada ya juhudi hizo hutoka na kuvuta maji, na ndiyo asili ya kukojoa mara kwa mara na kiu isiyokatika.

Madhara hayaishii kwenye sukari. Kwa kuwa kila glukosi inayorudishwa na SGLT2 huja na sodiamu yake, mrija unaookota glukosi kupita kiasi huokota pia chumvi kupita kiasi, na majimaji yanayofika mbele huwa na chumvi pungufu. Mbele huko, mahali ambapo mrija hurudi na kugusana na chujio lake lenyewe, kuna kikundi cha seli zinazopima chumvi hiyo ili kujua kama chujio linafanya kazi ya kutosha. Seli hizo haziwezi kujua kwamba chumvi imepungua kwa sababu imeokotwa njiani. Huelewa tu kwamba chujio halichuji vya kutosha, na jibu lake ni kuruhusu mshipa unaoleta damu upanuke. Shinikizo ndani ya chujio hupanda, uchujaji huongezeka, na katika miaka ya mwanzo ya kisukari vipimo vinaweza kuonyesha figo inayochuja kuliko kawaida, jambo ambalo mgonjwa anaweza kulipokea kama habari njema. Kwa kweli ni chujio linaloendeshwa kwa shinikizo ambalo halikutengenezwa kulistahimili, na makovu hufuata baadaye.

Dawa zinazoizuia SGLT2 zilitengenezwa kwa kuirekebisha florizini, ambayo yenyewe haikufaa kwa kuwa huvunjwa tumboni na huzuia SGLT1 pia. Dapagliflozini iliidhinishwa Ulaya mwaka 2012, kanagliflozini ikaidhinishwa Marekani mwaka 2013, na empagliflozini ikafuata. Matarajio yalikuwa madogo, yaani kupunguza sukari kwa kuimwaga. Hata kwa hilo uwezo wake una mipaka ya kuvutia, kwa sababu mtu mwenye afya akizimeza hupoteza kiasi cha gramu 50 au 60 za glukosi kwa siku, wala siyo gramu 150 ambazo SGLT2 hubeba. SGLT1, ambayo siku zote huwa na nafasi isiyotumika, huamka na kuokota sehemu kubwa ya kile kilichoachwa. Hiyo pia ndiyo sababu dawa hizi zikitumiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu sukari hadi kuzimia.

Kilichowashangaza wengi ni matokeo ya mwaka 2015, wakati utafiti wa empagliflozini uliohusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 wa kisukari cha aina ya pili wenye maradhi ya moyo ulipoonyesha kwamba vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 38. Mwaka 2020 dapagliflozini ilijaribiwa kwa watu 4,304 wenye ugonjwa sugu wa figo, ambao takribani theluthi moja hawakuwa na kisukari kabisa, na hatari ya figo kudhoofika sana, au ya kifo kinachotokana na maradhi ya figo au moyo, ilipungua kwa asilimia 39. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu.

Nimesoma maelezo mengi yanayosema kwamba dawa hizi hulinda figo "kwa kuondoa sukari", na naona maelezo hayo hayasimami. Mtu asiye na kisukari hana sukari ya ziada ya kuondolewa, ilhali naye hupata kinga. Isitoshe, kadiri figo inavyochoka ndivyo inavyochuja glukosi kidogo, na uwezo wa dawa kushusha sukari hupungua kwa kiasi hichohicho, lakini ulinzi wa figo huendelea. Maelezo yanayoshikamana zaidi na ushahidi, ijapokuwa hayawezi kuwa ndiyo yote, ni yale ya chumvi na shinikizo: SGLT2 ikizuiwa, sodiamu hufika mbele, seli za kupima chumvi huridhika, mshipa unaoleta damu hubana, na chujio hupumua. Ndiyo maana wiki za kwanza za matibabu kipimo cha uchujaji hushuka kidogo. Daktari asiyejua sababu yake anaweza kuogopa na kuisimamisha dawa, wakati mshuko ule ni alama ya kwamba shinikizo limepungua.

Dawa hizi zina madhara yake, na mengi yanatokana na jambo lilelile la glukosi kupita mahali ambapo haikuzoea kupita. Maambukizi ya fangasi sehemu za siri huongezeka. Mtu huweza kupungukiwa maji, hasa akiwa mzee au akitumia dawa nyingine za kukojoza. Hatari zaidi, ingawa si ya mara kwa mara, ni mwili kujaa asidi za ketoni zinazotokana na kuchomwa kwa mafuta (ketoasidosisi) huku kipimo cha sukari kikionyesha namba isiyotisha, hali inayoweza kumpoteza hata mhudumu mzoefu, kwa sababu tumezoea kuiona ketoasidosisi ikiambatana na sukari ya juu sana. Ndiyo sababu mgonjwa hushauriwa asimamishe dawa anapotapika, anaposhindwa kula au anapokaribia kufanyiwa upasuaji, na anayekusudia kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake mapema kabla ya mwezi kuandama.

Baada ya yote hayo, kipimo cha sukari kwenye mkojo kinaweza kupewa hadhi yake halisi, ambayo ni ndogo. Imani ya kwamba sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo basi mtu ana kisukari ina mantiki fulani, wala haitofautiani sana na elimu ya Thomas Willis, tabibu wa Uingereza aliyeandika mwaka 1674 kwamba mkojo wa wagonjwa hawa ni mtamu kama uliotiwa asali. Lakini sisimizi huja wakati kizingiti kimeshavukwa zamani. Mtu ambaye sukari yake kabla ya kula ni miligramu 140 tayari ana kiwango cha kisukari, kwa kuwa mpaka wa utambuzi ni 126, ila figo zake zinaweza kuwa bado zinarudisha glukosi yote na mkojo wake ukawa safi kabisa. Kwa mzee ambaye uchujaji umepungua, kizingiti huweza kupanda zaidi, na mkojo safi ukawa uongo mkubwa zaidi. Vitamini C nyingi kwenye mkojo huweza pia kuizuia karatasi ya kipimo isibadilike rangi. Hata pale karatasi inaposema kweli, inasimulia habari ya saa kadhaa zilizopita, tangu kibofu kilipomwagwa mara ya mwisho.

Upande wa pili wa kosa unaonekana zaidi kliniki ya wajawazito. Wakati wa ujauzito uchujaji wa figo huongezeka kwa takribani nusu, mirija haiongezi uwezo wake kwa kiasi hicho, na mwanamke ambaye damu yake haina shida yoyote anaweza kuonyesha sukari kwenye mkojo. Kumwambia papo hapo kwamba ana kisukari ni kumtia hofu bure, na kumwambia mwenzake mwenye mkojo safi kwamba yuko salama ni kumwacha na hatari. Wote wawili wanahitaji kipimo cha damu, na katika vituo ambavyo vipimo vya damu ni vichache, naona ni afadhali karatasi za mkojo zitumike kutafuta protini na maambukizi, kazi ambayo zinaifanya kwa faida zaidi.

Kwa anayetumia dapagliflozini au ndugu zake, karatasi hiyo itabadilika rangi kila siku, asubuhi na jioni, awe amekula wali au amelala njaa, na hata kama hajawahi kuwa na kisukari na dawa ameandikiwa kwa ajili ya moyo. Mgonjwa wa namna hii akifika kituo kingine bila kueleza dawa anazotumia, matokeo ya mkojo wake yataandikwa kuwa ni kisukari kisichodhibitiwa, na huenda akaongezewa vidonge au insulini ambayo haihitaji. Jina la dawa liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, karibu na kipimo cha mwisho cha sukari ya damu.